Dawa za akili zina kalenda yake, wagonjwa na waelezwe

Miaka kadhaa iliyopita mpwa wangu, kijana wa umri wa miaka 19, alipelekwa hospitalini akiwa amerukwa na akili. Alikuwa amekesha siku nyingi akijibizana na watu ambao sisi wengine hatukuwaona. Alidungwa sindano, akatulia, akalala. Tulimshukuru Mungu na kumrudisha nyumbani na bahasha ya vidonge. Kesho yake jioni shingo yake ilianza kupinda upande mmoja, taya likakaza, ulimi ukamtoka, macho yakageuka juu na kubaki huko. Dada yangu alipiga mayowe. Majirani walijaa uani, na kabla ya usiku wa manane hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa: ama kijana amelishwa sumu hospitalini, ama pepo aliyemvaa amekataa dawa za kizungu. Alipelekwa kwa mganga. Hospitalini hakurudi kwa muda wa miaka 2.

Leo najua kwamba lililompata si ajabu hata kidogo. Ni jambo ambalo daktari yeyote wa magonjwa ya akili hulijua kama mvuvi ajuavyo pepo za misimu. Dawa aliyodungwa huweza kukaza misuli namna ile katika siku za mwanzo, hasa kwa vijana wa kiume, na kuna sindano nyingine ambayo huyafungua yote hayo kwa dakika chache. Ilihitajika sentensi moja tu wakati tunapewa bahasha ile: akikakamaa, mrudisheni mara moja, tutamtibu. Sentensi hiyo haikusemwa, na gharama yake ikawa miaka 2 ya maisha ya kijana.

Hoja yangu leo ni rahisi kuieleza, ingawa huenda ikawa nzito kuitekeleza. Wananchi wa nchi hii wamefundishwa maana ya dawa na malaria. Dawa ya malaria itumikayo zaidi siku hizi humezwa kwa siku 3, mara 6 kwa jumla. Homa hushuka siku ya kwanza au ya pili, na vidonge vinapokwisha ugonjwa nao umekwisha. Hiyo ndiyo kalenda tuliyo nayo vichwani, na kwayo tunaipima kila dawa nyingine. Dawa za akili hazifuati kalenda hiyo hata kidogo. Katika nyingi kati yake udhia hutangulia na nafuu huja nyuma, na mgonjwa aziachapo, madhara ya kuziacha mara nyingi hayaji siku hiyo bali baada ya majuma au miezi. Asiyeambiwa jambo hili atapotoka mara mbili. Mwanzoni ataiacha dawa kwa kuona kwamba inamtesa bila ya kumponya, na baadaye ataiacha kwa kuona kwamba amekwisha kupona.

Hebu na tuifuate safari yenyewe, kwa kuwa haina siri yoyote ambayo mwananchi wa kawaida hawezi kuifahamu.

Kidonge kikishamezwa huyeyuka, hupenya ukuta wa utumbo na kuingia katika mshipa uendao moja kwa moja kwenye ini. Ini ni mfano wa forodha bandarini: hakuna shehena ipitayo bila ya kukaguliwa, na sehemu ya shehena hutaifishwa papo hapo. Katika haloperidoli, ambayo ni miongoni mwa dawa zinazotumiwa sana katika hospitali zetu, takriban asilimia 60 ya kilichomezwa ndiyo ifikayo katika damu izungukayo mwilini. Largactil hupoteza zaidi ya hapo. Ndiyo sababu sindano yenye kiasi kidogo humtuliza mtu ambaye vidonge vyenye kiasi kikubwa zaidi havikumtuliza. Watu husema sindano ina nguvu, kumbe imepita tu njia isiyokuwa na forodha.

Kutoka hapo dawa hubebwa na damu hadi kwenye ubongo. Mishipa midogo ya ubongo imeshikana kwa namna ambayo vitu vingi vilivyomo katika damu haviwezi kupenya. Dawa za akili hupenya kwa sababu nyingi kati yake huyeyuka katika mafuta, na sifa iyo hiyo huzifanya zijifiche katika mafuta ya mwili mzima na kutoka humo polepole.

Ndani ya ubongo neva huzungumza kwa kupelekeana kemikali, mojawapo ikiwa ni dopamini. Upande wa pili huwa kuna vipokezi, ambavyo ni mfano wa kufuli zinazongoja ufunguo wake. Haloperidoli hutumbukia katika kufuli hizo bila ya kuzifungua, na dopamini ijapo hukuta mahali pamezibwa. Uchunguzi uliofanywa kwa mitambo ya kupigia picha za ubongo umeonyesha kwamba nafuu hutarajiwa pale vipokezi kiasi cha asilimia 65 vinapokuwa vimezibwa, na kwamba kukakamaa na kutetemeka hujitokeza zaidi inapopitwa asilimia 78 hivi. Msomaji atazame jinsi kijia kilivyo chembamba! Aidha, dopamini haikai mahali pamoja. Ile inayohusika na sauti na dhana za uongo, na ile inayoratibu mwendo wa misuli, huzibwa na dawa moja, nayo dawa haina macho ya kuchagua. Shingo ya mpwa wangu ilipindwa na haya, wala si na pepo. Vidonge vya Artane, ambavyo wagonjwa wengi hupewa pamoja na haloperidoli bila ya kuelezwa sababu, kazi yake ni kurudisha mizani katika sehemu hiyo ya mwendo.

Basi tuje kwenye kalenda. Haloperidoli huziba vipokezi katika muda wa saa chache. Mgonjwa hutulia siku hiyo hiyo, lakini kutulia si kupona. Sauti hazinyamazi zote kwa pamoja. Hupungua nguvu kidogo kidogo katika majuma yafuatayo, na imani za uongo ndizo hukawia zaidi kuachia. Kwa dawa za unyogovu hali ni ya kuchosha hata zaidi. Fluoksetini huanza kazi yake juu ya serotonini siku ile ile inapomezwa, lakini moyo wa mgonjwa hauanzi kuinuka ila baada ya wiki 2 hadi 4, na pengine zaidi, kwa kuwa ni lazima ubongo wenyewe ujirekebishe. Namna hasa unavyojirekebisha, wataalamu wangali wanabishana. Kichefuchefu, kukosa usingizi na kupoa kwa hamu ya ndoa havingoji wiki 2. Mtu aliyekata tamaa ya maisha, akapewa dawa Jumatatu, akatapika Jumanne, na kufikia Jumatatu ya pili hajaona nafuu yoyote, atakuwa na ushahidi gani kwamba dawa ile inafanya kazi? Ushahidi pekee awezao kuwa nao ni neno la aliyempa.

Kila dawa ina muda wake wa kupungua nusu mwilini, yaani muda ambao ini na figo huhitaji ili kuondoa nusu ya kiasi kilichopo. Chukua mfano wa mtungi unaovuja, nawe kila asubuhi unautilia kibaba kimoja. Siku za mwanzo maji huzidi kupanda, hata ufike wakati ambapo kinachovuja kutwa kinalingana na kinachotiwa, na hapo kimo hutulia. Kwa dawa, hali hiyo hufikiwa baada ya vipindi kama 5 vya kupungua nusu. Haloperidoli ya vidonge hupungua nusu kwa muda wa takriban siku moja, kwa hivyo kimo chake hutulia katika siku 5 hivi. Fluoksetini, pamoja na kile ambacho ini huigeuza kuwa, hukaa siku nyingi mno, na kimo chake hakitulii kabla ya majuma kadhaa. Mgonjwa anayemeza leo, akaacha kesho, akameza vidonge 2 kesho kutwa ili kufidia, hana kimo chochote. Ana mawimbi tu.

Halafu kuna sindano ya kila mwezi, ambayo naiona kuwa ni moja ya mambo ya busara kuwahi kubuniwa katika tiba hii. Dawa hufungwa pamoja na asidi ya mafuta, ikachanganywa na mafuta ya ufuta, ufuta ule ule ambao akina mama wa pwani huupaka juu ya mkate wa mofa. Ikidungwa katika msuli hukaa humo kama akiba, ikitoka kidogo kidogo. Haloperidoli ya namna hii hupungua nusu kwa muda wa wiki 3 hivi, nayo hudungwa kila baada ya wiki 4. Sasa fanya hesabu. Mgonjwa aliyedungwa kwa mwaka mzima, kisha akakosa kwenda kliniki mwezi wa Januari, bado ana dawa mwilini Februari, na Machi anayo, ingawa inapungua. Haumwi. Haoni mabadiliko yoyote ila kwamba uzito umemtoka miguuni na usingizi wa mchana umeisha. Huwaambia jamaa zake kwamba dawa ndiyo iliyokuwa ikimwumiza, nao humwamini, maana wanamwona yu mzima. Mei au Juni ugonjwa unaporudi, hakuna amkumbukaye muuguzi wa Januari. Wakati huo lawama huangukia shamba lililogombaniwa, au mke aliyeondoka, au jirani.

Dawa za namna ya Valium zina mtego wake tofauti. Hizo huleta faraja usiku ule ule, na kwa sababu hiyo hakuna anayehitaji kushawishiwa azimeze. Shida huja pale mtu aliyezimeza kwa miezi anapoziacha ghafla, kwani ubongo uliokwisha kuzizoea huweza kulipuka kwa kifafa. Lazima zipunguzwe kwa hatua. Vijana wa Mombasa wanaouziana vichochoroni kile wanachokiita bugizi hawaelezwi hayo na wanaowauzia, na hilo halinishangazi. Linalonishangaza ni kwamba hata anayezipata kwa cheti cha daktari mara nyingi haelezwi.

Nitakaa kidogo juu ya lithiamu, kwa kuwa hapo ujinga huua. Lithiamu ni madini, jamaa ya chumvi ya mezani. Manufaa yake kwa watu wanaopandwa na wazimu wa furaha na kuanguka katika huzuni yalitangazwa mwaka 1949 na daktari wa Australia, John Cade, na hadi leo ni miongoni mwa dawa bora kwa ugonjwa huo. Ini halina kazi nayo. Huondolewa na figo peke yake, nazo figo huichukulia kana kwamba ni chumvi. Ikiwa mwili umepungukiwa na chumvi na maji, figo hushikilia chumvi isipotee, na kwa kufanya hivyo hushikilia lithiamu pia. Kiasi kinachotakiwa katika damu ni kati ya 0.6 na 1.0 kwa vipimo vya maabara. Kikizidi 1.5 taabu huanza, na kikipita 2 uhai umo hatarini. Sasa mfikirie mgonjwa huyo akiwa Lodwar au Garissa wakati wa jua kali, au akiharisha, au akifunga mwezi wa Ramadhani bila ya kumwuliza daktari wake, au akinunua dukani vidonge vya ibuprofeni kwa ajili ya maumivu ya mgongo, vidonge ambavyo huzifanya figo ziibane lithiamu zaidi. Hakuongeza dawa hata chembe, lakini kiasi katika damu yake kinapanda. Mikono hutetemeka, hutapika, huharisha, maji yakazidi kumtoka. Mwisho hupepesuka na ulimi kuwa mzito. Nyumbani wataona nini? Wataona mlevi. Ndipo ilipo haja ya kupima damu saa 12 baada ya kumeza kidonge cha mwisho, kipimo ambacho mgonjwa hufikiri ni njia ya hospitali ya kumtoza pesa, kwa sababu hakuna aliyemweleza ni cha nini.

Dawa za akili pia hazisafiri peke yake. Nchi hii ina wagonjwa wengi wa kifua kikuu, nao humeza rifampisini kwa muda wa miezi 6. Rifampisini huvichochea vimeng'enya vya ini kufanya kazi kwa kasi, na haloperidoli iliyokuwa ikitosha hugeuka kuwa haba. Ndugu wa mgonjwa husema wazimu umemrudia kwa ajili ya kukohoa. Moshi wa sigara nao huchochea ini vivyo hivyo kwa dawa kama olanzapini na klozapini, na aachaye sigara ghafla huweza kujikuta amezidiwa na dawa ile ile ya jana. Miraa haina haja ya kupitia kwenye ini. Kilichomo katika majani yake huongeza dopamini katika ubongo, yaani jambo lile lile ambalo dawa inajaribu kulizuia. Kijana anayemeza dawa asubuhi na kutafuna miraa hadi usiku wa manane anaubomoa jioni ukuta alioujenga alfajiri.

Wala miili yetu si sawa. Katika nchi jirani ya Ethiopia, utafiti uliotangazwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba watu kiasi cha 29 kati ya kila 100 wamezaliwa na nakala za ziada za jeni inayoliwezesha ini kuvunja dawa nyingi, zikiwemo za unyogovu kama vile amitriptilini. Katika mataifa ya kaskazini mwa Ulaya watu wa namna hiyo ni wachache mno. Mtu wa aina hii huweza kumeza kiasi kilichoandikwa vitabuni asipate kitu. Tunapomwambia mgonjwa kwamba amekaidi dawa, huenda ini lake ndilo lililokaidi, na hilo litajulikana tu akiwa na ujasiri wa kurudi kueleza.

Nisieleweke vibaya kwamba ninazibeza dawa hizi. Kabla ya mwaka 1952, wakati Jean Delay na Pierre Deniker walipowapa wagonjwa wa hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris ile iliyokuja kuitwa Largactil, mgonjwa mahututi wa akili hakuwa na mengi ya kutumainia ila kufungiwa. Dawa ndizo zilizofungua milango hiyo. Lakini zina madhara ya kweli. Baadhi hunenepesha, na nyingine, zikitumiwa miaka mingi, huacha midomo ikichezacheza isiweze kutulia. Mgonjwa ana haki ya kuyajua hayo ili yeye na daktari wapime pamoja.

Nasema haki kwa kuwa ni sheria. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa manufaa na hatari za matibabu anayopewa, tena, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 nayo yanataka mgonjwa ashirikishwe katika kupanga matibabu yake. Na Katiba ya 2010 imekwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Pamoja na hayo yote, fungua kijikaratasi kilichokunjwa ndani ya pakiti ya dawa hizi. Kimeandikwa Kiingereza, kwa herufi za kusomwa na chungu, na maneno ambayo hata mwenye digrii itambidi ayatafute kamusini. Mgonjwa wa hospitali ya umma hata hicho hakioni, maana vidonge vyake vimehesabiwa na kutiwa katika bahasha ya karatasi iliyoandikwa 1 x 2.

Madaktari watanijibu kwamba foleni ni ndefu nao ni wachache. Ni kweli kabisa. Lakini maelezo haya hayahitaji daktari bingwa. Muuguzi anaweza kuyatoa kwa wagonjwa 20 pamoja wakiwa bado kwenye mabenchi, kama akina mama wajawazito wanavyofundishwa kliniki kila asubuhi. Wapo pia wanaosema kwamba mgonjwa akitajiwa madhara ataogopa na kukataa dawa. Hao ningependa wangekuwepo uani kwa dada yangu usiku ule. Kilichotutisha si kukakamaa kwenyewe, bali kukakamaa tusikojulishwa.

Wizara ya Afya, pamoja na bodi inayosimamia dawa na serikali za kaunti, na ziagize karatasi moja ya Kiswahili kwa kila dawa ya akili itolewayo katika hospitali za umma, isomwe kwa sauti mbele ya mgonjwa na jamaa yake kabla ya bahasha kukabidhiwa. Ieleze nafuu itarajiwe lini, udhia gani utatangulia, lipi likitokea arudi usiku huo huo, asichanganye na nini, na kwamba akiacha, kujiona mzima mwezi wa kwanza si dalili ya kupona. Dawa zenyewe si nyingi: zile zinazotumika katika hospitali zetu za wilaya za zamani hazijazi ukurasa mmoja wa daftari.

Mpwa wangu alirudi kliniki baada ya kukutana na afisa mmoja wa afya aliyemchorea shingo, ubongo na zile kufuli nyuma ya kadi yake. Aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mjomba, kumbe walikuwa wakijua?" Sikuwa na la kumjibu.